Hitilafu ya kimya: maana, matumizi na njia za kuibaini katika kazi za kivinjari zinazojiendesha

hitilafu ya kimya *nm* [i-/zi-] (Teknolojia ya habari) Hali ambapo kazi iliyokabidhiwa mashine haitimizi lengo lake, lakini mashine haitoi ishara yoyote ya kushindwa, au hutoa ishara ya kufaulu. *Wingi:* hitilafu za kimya. *Kinyume:* hitilafu ya wazi, yaani ile inayosimamisha kazi na kutoa ujumbe.

Istilahi hii hutumika zaidi pale programu inapoendesha kivinjari badala ya mtu: kufungua kurasa, kujaza fomu, kubofya vitufe, kupakua nyaraka. Mtu akiona ukurasa mweupe husita na kujiuliza. Programu haisiti isipoamriwa kusita. Kwa hiyo ukimya wake hauna maana moja: huenda hakuna jambo lililoharibika, na huenda hakuna aliyeangalia. Kubaini hitilafu ya kimya huanza na swali ambalo kwa sehemu kubwa ni la lugha: programu inaposema «imefanyika», imeona nini hasa?

Uchaguzi wa maneno

Maneno manne hushindana katika tafsiri za uwanja huu: *kosa*, *hitilafu*, *kasoro* na *dosari*. Mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni visawe, lakini kila moja lina mahali pake.

*Kosa* humdai mtendaji. Kuna aliyekosa, na kosa linaweza kusahihishwa kwa kurudi kwa aliyelitenda: aliyeandika msimbo, aliyeingiza nywila isiyo sahihi, aliyetaja anwani ya ukurasa usiokuwepo.

*Hitilafu* ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni tofauti au kutokubaliana. Maana hiyo ingali hai katika usemi kama «wana hitilafu baina yao». Kwa sababu hiyo neno hili linafaa kutaja tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, hata pale ambapo hakuna wa kulaumiwa. Tovuti ikibadilisha mpangilio wake usiku, programu iliyoandikwa kwa mpangilio wa jana hupata hitilafu bila mtu yeyote kutenda kosa.

*Kasoro* hutaja upungufu. Msemaji wa Kiswahili hulitumia kila siku katika kutaja saa: saa tatu kasorobo ni saa tatu iliyopungukiwa robo. Programu iliyotakiwa kuleta nyaraka 143 ikaleta 120 imeleta matokeo yenye kasoro. *Dosari* nayo ni doa au udhaifu uliomo ndani ya kitu chenyewe, hata kabla hakijatumika. Msimbo unaweza kuwa na dosari miaka miwili pasipo hitilafu kutokea.

Kuhusu sehemu ya pili ya istilahi, baadhi ya wafasiri wameandika «hitilafu bubu». Umbo hilo halipendekezwi. Kwanza, *bubu* hutaja hali ya mtu, na si vyema kuifanya hali ya mtu kuwa jina la ubovu. Pili, asiyeweza kusema ni tofauti na asiyesema. Mfumo unaoendesha kivinjari una njia nyingi za kutoa taarifa, ila haukuzitumia, nao ndio ukimya. Vilevile *kimyakimya* ni kielezi ambacho mara nyingi hubeba dhana ya kusudi au siri, kama katika «aliondoka kimyakimya». Mashine haina kusudi. Kwa hiyo nomino iwe *hitilafu ya kimya*, na kitenzi, kikihitajika, kiwe *kushindwa bila taarifa*.

Methali isemayo «kimya kingi kina mshindo mkuu» huelezea vyema mwenendo wa tatizo hili: kadiri ukimya unavyodumu ndivyo gharama ya kuugundua inavyokua.

Kivinjari kinachojiendesha

*Kivinjari* kimeundwa kutokana na kitenzi *vinjari*, ambacho katika matumizi ya zamani kilitaja kuzunguka huku na huku kwa kuangalia. Programu zinazokiendesha zilianza kuenea baada ya mwaka 2004, Jason Huggins alipobuni Selenium akiwa katika kampuni ya ThoughtWorks, Chicago. Kusudi la awali lilikuwa kupima tovuti kabla hazijatolewa kwa watumiaji. Mwaka 2018 itifaki ya WebDriver, iliyokua kutokana na kazi hiyo, ilipitishwa na shirika la W3C kuwa pendekezo rasmi. Mwaka 2020 kampuni ya Microsoft ilitoa Playwright, ambayo husubiri kitufe kiwe tayari kabla ya kukibofya.

Tangu hapo matumizi yamevuka mipaka ya upimaji. Kivinjari kinachojiendesha hufuatilia matangazo ya zabuni, hukusanya maandiko kwa ajili ya kamusi na kumbukumbu za tafsiri, hujaza fomu za wageni na hupakua hukumu za mahakama. Upimaji wa tovuti una mtu anayesubiri jibu. Kazi hizi za baadaye aghalabu hufanyika usiku, na anayezitegemea huona tu matokeo ya mwisho.

Namna ukimya unavyozaliwa

Vyanzo vya hitilafu za kimya ni vingi, lakini vinavyojirudia zaidi ni hivi vifuatavyo.

*Orodha tupu.* Katika Selenium, programu ikiomba kitu kimoja kwenye ukurasa na kisiwepo, hupewa kosa na kazi husimama. Ikiomba vitu vyote vya aina hiyo, hupewa orodha, na orodha isiyo na kitu bado ni orodha halali. Programu huipitia orodha hiyo tupu kwa uaminifu, haifanyi lolote, kisha hutangaza kwamba imemaliza.

*Kosa lililomezwa.* Mwandishi wa msimbo, kwa kuchoshwa na makosa madogomadogo, huweka sehemu inayopokea kila kosa na kuendelea mbele. Sehemu hiyo haichagui. Humeza kosa dogo la picha isiyofunguka, na humeza pia kosa kubwa la fomu isiyotumwa.

*Jibu la heshima.* Katika itifaki ya HTTP, namba 404 humaanisha kwamba ukurasa haupo, na namba 200 humaanisha kwamba ombi limejibiwa vyema. Tovuti nyingi hutuma ukurasa wenye maneno ya kuomba radhi huku zikiambatisha namba 200. Programu inayosoma namba pekee huona mafanikio, ilhali msomaji wa maneno angeona kushindwa.

*Faili lisilo lenyewe.* Muda wa kuwa ndani ya akaunti ukiisha, tovuti huonyesha ukurasa wa kuingia kila kiungo kinapofunguliwa. Programu hupakua ukurasa huo mara mia moja na kuuhifadhi kwa majina ya nyaraka mia moja tofauti.

*Neno lililobadilishwa.* Programu iliyofundishwa kutafuta kitufe chenye neno «Tuma» haitakiona kikiandikwa «Wasilisha». Tovuti yenye lugha mbili inaweza pia kufunguka kwa Kiingereza leo na kwa Kiswahili kesho, kutegemea mipangilio ya kompyuta. Hapa mfasiri wa tovuti, bila kujua, ameingia katika msimbo wa mtu mwingine.

*Thamani halali yenye maana nyingine.* Hiki ndicho chanzo kigumu kuliko vyote, nacho kinawahusu watumiaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Tangazo likisema mwisho wa kupokea maombi ni saa 10:00 jioni, msomaji wa Arusha anaelewa saa 16:00 kwa mtindo wa saa 24. Programu iliyoundwa kwa desturi za kigeni huongeza 12 juu ya 10 na kupata saa 22:00. Zote mbili ni saa halali, hivyo hakuna kengele inayolia, na ombi hutumwa saa sita baada ya mlango kufungwa. Tarehe nazo hufanya vivyo hivyo. Nchini Tanzania 5/7 ni tarehe 5 Julai, lakini programu iliyozoea desturi ya Marekani huisoma kuwa tarehe 7 Mei. Hitilafu hiyo hukaa kimya katika siku 12 za mwanzo wa mwezi, kisha hupiga kelele kuanzia tarehe 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu.

Sufuri mbili

Ugumu wa kubaini hitilafu ya kimya unaweza kuelezwa kwa kifaa kinachojulikana katika mashamba na shule za miteremko ya Mlima Meru, yaani kipimamvua. Kipimamvua kikisoma sufuri, kuna maelezo mawili: mvua haikunyesha, au mdomo wa kifaa umezibwa na majani. Sufuri ya kwanza ni habari kuhusu mbingu. Ya pili ni habari kuhusu kifaa. Zikiandikwa daftarini, zinafanana kabisa.

Mtunza daftari mwenye uzoefu huzitenganisha kwa kutazama majira na mahali. Sufuri ya mwezi Julai upande wa Ngarenanyuki, kaskazini mwa mlima ambako ni kukavu, haimshtui mtu. Sufuri ya wiki nzima mwezi Aprili upande wa Tengeru, katikati ya masika, humfanya aende kukikagua kifaa. Hakupewa taarifa ya ubovu na kifaa chenyewe. Ameupata kwa kulinganisha usomaji na matarajio yaliyokuwepo kabla.

Programu inayofuatilia tovuti na kurudisha «hakuna jipya» iko katika hali hiyohiyo. «Hakuna jipya» inaweza kuwa habari kuhusu tovuti, na inaweza kuwa habari kuhusu programu. Mfumo mzuri haukubali kuziandika sufuri hizo mbili kwa neno moja.

Kinachoweza kupotea

Arusha ni mji wa nyaraka. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapo tarehe 30 Novemba 1999, na makao makuu ya Jumuiya pamoja na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki yamo mjini humo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha tangu mwaka 2007. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi zake hapo hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimebaki chini ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoirithi. Wafasiri, wanasheria na wanafunzi wanaohitaji maandiko ya vyombo hivi ni wengi, na ni jambo la kawaida kazi ya kuyakusanya kuachiwa programu.

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inaonyesha uzito wa jambo. Anayepinga sheria, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au chombo cha Jumuiya anapaswa kufungua shauri ndani ya miezi miwili tangu kutungwa, kuchapishwa au kutendeka kwake, au, pasipo hayo, tangu siku alipopata kujua. Mahakama imeshikilia kwamba haina mamlaka ya kuurefusha muda huo. Tuchukulie mfano wa kubuni wa ofisi ndogo ya sheria inayoitegemea programu kukagua ukurasa wa machapisho ya serikali fulani kila asubuhi. Siku moja mpangilio wa ukurasa unabadilishwa. Programu inaanza kupata orodha tupu na kuandika «hakuna jipya» kwa siku 61 mfululizo. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliona kosa. Haki ya mteja imekwisha katika ukimya huo.

Mfano mwingine, nao ni wa kubuni, unahusu utalii ambao ni nguzo ya mji. Mpandaji wa Mlima Meru huanzia lango la Momella, hulala kibanda cha Miriakamba, kisha kibanda cha Saddle, kabla ya kuelekea kilele. Wakala akituma maombi ya vitanda kwa programu, na programu ikabofya kitufe bila kuthibitisha kwamba nafasi imehifadhiwa, hitilafu itajulikana wageni wakiwa wamesimama langoni na mizigo mgongoni.

Njia za kubaini

Kanuni ya jumla ni moja: kutokuwepo kwa kosa hakuhesabiwi kuwa ushahidi wa kufaulu. Kufaulu kunapaswa kuonyesha alama yake. Kutokana na kanuni hiyo hutoka njia saba.

1. *Kutaja alama ya mafanikio kabla ya kazi.* Kabla ya kubofya, msimbo utaje kitakachoonekana baadaye endapo kazi imefaulu: namba ya risiti, jina la mwombaji likiwa katika orodha, kumbukumbu namba ya malipo. Alama isipoonekana katika muda uliowekwa, kazi ihesabiwe imeshindwa hata kama hakuna kosa lililotolewa.

2. *Kusoma upya kwa njia nyingine.* Ukurasa unaosema «asante» si ushahidi wa kutosha, kwani umetolewa na sehemu ileile iliyopokea ombi. Programu ifungue kivinjari upya, iingie tena, iende kwenye orodha ya maombi, na iliitafute ombi lake humo.

3. *Kuhesabu.* Tovuti ikitangaza matokeo 143, ghala linapaswa kuwa na nyaraka 143 zisizojirudia. Umuhimu wa hesabu ulionekana Uingereza mwaka 2020. Takwimu za wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 ziliachwa nje ya hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, kwa kuwa taarifa ziliingizwa katika faili la mtindo wa zamani lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Faili lilijaa na ziada ikadondoka. Kulinganisha idadi ya mistari iliyotumwa na iliyopokelewa kungefichua kasoro siku ileile.

4. *Kukagua kilichomo.* Jina la faili ni dai tu. Faili la PDF huanza na herufi «%PDF», hivyo kusoma herufi chache za mwanzo hutosha kutenga nyaraka halisi na kurasa za kuingia zilizojificha kwa jina la nyaraka. Ukubwa nao husema: nyaraka mia moja zenye ukubwa uleule hadi herufi ya mwisho ni nyaraka moja.

5. *Kutafuta kinachojulikana.* Katika kila mzunguko, programu itafute pia kitu ambacho hakika kipo, kwa mfano hukumu ya zamani iliyokwisha kuchapishwa. Isipoipata, mgonjwa ni utafutaji wenyewe, na «hakuna jipya» ya siku hiyo ifutwe.

6. *Kulinganisha na matarajio.* Hii ndiyo njia ya mtunza kipimamvua. Kila kazi iwe na kiwango kinachotarajiwa kwa siku, juma na majira, na matokeo yaliyo mbali na kiwango hicho yapelekwe kwa mtu. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya awali ya kielektroniki yalionyesha zaidi ya kura 300,000 zilizokataliwa. Tume ya uchaguzi ilieleza baadaye kwamba mfumo ulikuwa ukizidisha kila kura iliyokataliwa mara nane. Mfumo haukusimama wala kulalamika, na kosa lilidhihirika hesabu ya karatasi ilipowekwa kando ya hesabu ya mashine.

7. *Taarifa ya uhai.* Mlinzi wa usiku anayetakiwa kusaini daftari kila baada ya mzunguko hutoa habari hata kwa kutosaini, kwa maana nafasi tupu huonekana. Programu itume taarifa fupi kila inapomaliza, na mfumo mwingine, usiokaa kwenye kompyuta hiyohiyo, upige kengele taarifa isipofika. Umeme ukikatika, kompyuta iliyozimika haiwezi kutangaza kuzimika kwake.

Juu ya hayo, inafaa kuhifadhi picha ya skrini na msimbo wa ukurasa kwa kila hatua muhimu. Havizuii hitilafu, lakini humwezesha mchunguzi kujua siku ambayo ukimya ulianza.

Siku hizi baadhi ya vivinjari huendeshwa na modeli za lugha zinazopokea maagizo kwa maneno ya kawaida na kutoa taarifa kwa sentensi fasaha. Ufasaha huo huongeza hatari. Sentensi «Nimeweka nafasi kama ulivyoagiza» hupendeza kuliko orodha tupu, lakini bado ni dai. Njia saba zilizotajwa huihusu vilevile.

Vitenzi vya matokeo: mwongozo kwa wafasiri

Sehemu kubwa ya hitilafu za kimya hufichwa na ujumbe uliotafsiriwa kwa ulegevu. Kiswahili kina nyenzo za kutosha kuzuia jambo hilo, hasa katika ukanushi na kauli za vitenzi.

*Ukanushi.* Maneno «hakuna matokeo» hutumiwa kufasiri hali tano ambazo Kiswahili huzitenganisha:

– *Haipo*: imethibitishwa kwamba kitu hakipo mahali hapo.
– *Haikupatikana*: ilitafutwa, utafutaji umekamilika, haikuonekana.
– *Haijapatikana*: inatafutwa bado.
– *Haikutafutwa*: kazi ya kutafuta haikufanyika.
– *Haipatikani*: kwa sasa haifikiki, na sababu haijatajwa.

Wenye simu wanaufahamu udhaifu wa umbo la mwisho. Ujumbe wa kwamba mtu «hapatikani kwa sasa» hauelezi kama amezima simu, ameishiwa chaji au yuko bondeni kusiko na mtandao. Katika mfano wa ofisi ya sheria, daftari la programu lingeandika *haikutafutwa* badala ya *hakuna*, wakili angelisoma neno hilo siku ya kwanza.

*Kauli.* Kauli ya kutendeka humficha mtendaji. «Ombi limeshindikana» halisemi limeshindikana wapi. Kauli ya kutendwa huruhusu kumtaja: «Ombi limekataliwa na seva», «Fomu imezuiwa na dirisha la ridhaa». Kauli ya kutendeka ibaki kwa hali ambazo chanzo chake kwa kweli hakikujulikana, na hapo ujumbe useme hivyo.

*Ngazi ya kufaulu.* Vitenzi vya kufaulu navyo si visawe. Kila kimoja kinadai ushahidi wake:

– *Imebofywa*: kitufe kimeguswa.
– *Imetumwa*: taarifa imeondoka kwenye kivinjari.
– *Imepokelewa*: seva imejibu kwamba imeipata.
– *Imehifadhiwa*: taarifa imeonekana ghalani iliposomwa upya.
– *Imethibitishwa*: mwenye mamlaka ameikubali na kuipa namba.

*Imekwisha* na *imekamilika* hazimo katika ngazi hii. *Imekwisha* husema tu kwamba kazi imefika mwisho, na kila kazi hufika mwisho, iliyofaulu na isiyofaulu. *Imekamilika* hudai kwamba hakuna kilichopungua, hivyo isitumike pasipo kuhesabu. Kanuni kwa mwandishi wa ujumbe ni kutotumia kitenzi kilicho juu ya ushahidi alio nao. Programu iliyobofya tu iandike *imebofywa*.

Mifano ya matumizi

Mkaguzi aligundua hitilafu ya kimya iliyodumu tangu tovuti ilipobadilisha neno la kitufe.

Hitilafu za kimya hazipungui kwa kuongeza kasi ya programu, bali kwa kuongeza mahali pa kuthibitisha.

Orodha ilikuja na kasoro: kurasa sita za mwisho hazikupakuliwa, na hakuna kosa lililotolewa.

Daftari limeandika *imetumwa*. Wakala ameambiwa asiwaahidi wageni vitanda hadi liandikwe *imethibitishwa*.